Timu ya chuo iliyoshinda mechi zote 9 mwaka 1951 halafu ikafutwa, anayeijua hii stori aje

Kiti cha Nyuma

Wakuu habari za usiku. Mimi ni mtu wa soka letu hili la kawaida, ule mpira wa Wamarekani wa kubeba mkononi na kuvaa helmeti huwa nauona kwenye TV nahama chaneli. Sasa juzi usingizi umekata nikawa naperuzi nikakutana na habari ya timu ya chuo kimoja kidogo cha San Francisco, University of San Francisco, wanaitwa Dons, kwamba mwaka 1951 walicheza mechi 9 wakashinda zote 9, hakuna sare hakuna nini, halafu msimu ulipoisha hawakualikwa fainali yoyote na chuo kikaifuta timu kabisa. Nikasoma mara mbili nikidhani Kiingereza changu ndo kina shida.

Yaani kwetu timu ikishinda hivyo mkuu wa chuo anachinja ng'ombe, mkuu wa mkoa anakuja kupiga picha. Hawa wanafutwa? Niliona kidogo kwamba ni mambo ya ubaguzi wa rangi ila maelezo yalikuwa mafupi. Naomba mwenye kuijua anieleweshe kwa lugha ya mtu asiyejua hata sheria za huo mchezo. Na swali la pili, kwani fainali zao mtu anaalikwa kama harusi? Si unafuzu tu?

Msafiri wa Oakland

Mkuu umeuliza kitu kizuri na bahati mimi nakaa hapa ng'ambo ya maji tu, San Francisco naiona nikipanda daraja, kwa hiyo ngoja nijibu kwa kirefu.

Naanza na swali lako la pili maana bila hilo stori haieleweki. Ndiyo, walikuwa wanaalikwa kama harusi. Enzi zile vyuo havikuwa na mtoano wa kumpata bingwa. Msimu ukiisha Novemba kulikuwa na mechi kubwa za mwaka mpya zinaitwa "bowl", kila moja ina kamati yake ya matajiri wa mji husika, kamati inakaa inachagua nani aje. Orange Bowl iko Miami, Sugar Bowl New Orleans, Gator Bowl Jacksonville. Angalia hiyo miji yote iko wapi. Kusini. Januari huku kwingine watu wanaganda kwa baridi, kule kuna jua, kwa hiyo miji ya kusini ilizitumia hizo mechi kuvuta watalii, na timu iliyoalikwa inaondoka na hela ndefu. California nao wanayo yao, Rose Bowl ya Pasadena, ila hiyo ilikuwa na mkataba, nafasi moja ya bingwa wa ligi ya vyuo vikubwa vya Pwani ya Pasifiki na nyingine ya ligi ya Big Ten. Dons hawakuwa kwenye ligi yoyote, walikuwa wanajitegemea, so huo mlango ulikuwa umefungwa hata wangeshinda mechi mia.

Sasa timu yenyewe. Chuo ni cha Wajesuti (shirika la mapadre Wakatoliki), kidogo, kiko kilimani. Kocha anaitwa Joe Kuharich, mkali balaa, kabla ya msimu aliwapeleka kambini mji unaitwa Corning, kaskazini mwa California, joto la huko Agosti ni kama Dodoma saa nane mchana, ukitoka kule mzima basi wewe ni mchezaji. Kikosi kidogo, wengi wao wanashambulia na kukaba humo humo, hakuna cha kupumzika.

Nyota wao ni Ollie Matson. Huyu jamaa alikimbia na mpira yadi 1,566 msimu ule, ambayo kwa mita zetu ni karibu kilomita moja na nusu ya kukimbia huku watu wanataka kukuvunja, na alifunga tachidauni 21, hizo ndo kama magoli ya mchezo wao. Aliongoza Marekani nzima kwa yadi. Oktoba walienda New York kucheza na chuo cha Fordham, huko ndiko kwenye magazeti makubwa, Matson akapokea mpira wa kuanzia akakimbia nao yadi 94 mpaka mwisho, baadae akarudia tena yadi 90. Mechi iliisha 32-26 na ndiyo pekee iliyowatoa jasho. Mechi nyingi zilizobaki walikuwa wanapiga mtu: San Jose State 39-2, Idaho 28-7, Santa Clara 26-7.

Mweusi mwingine kwenye timu ni Burl Toler, mkabaji, mtoto wa Memphis. Wawili tu, Matson na Toler. Na hapo ndo shughuli ilipoanza.

Mechi ya kuamua ilikuwa na College of the Pacific kule Stockton, watu wanasema kamati za bowl zilikuwa zinaangalia hiyo. Dons wakashinda 47-14. Sio ushindi ni kipigo. Wakamalizia na Loyola 20-2, na cheki kejeli ya Mungu, hiyo ya mwisho ilichezwa ndani ya uwanja wa Rose Bowl wenyewe, ule ule ambao Januari wasingeruhusiwa kuukanyaga.

Baada ya hapo ujumbe ukafika kwamba nafasi ya kwenda kusini ipo, ila wale wawili wabaki nyumbani. Wachezaji walioishi mpaka uzeeni walisimulia hili mara nyingi sana, na wote wanasema kitu kimoja, kwamba hapakuwa na kikao kirefu wala kura. Walikataa palepale. Bowl hakuna. Haukupita muda chuo kikatangaza kwamba kinaachana na mpira, hasara imezidi.

dogo wa benchi

Daaah. Kwa hiyo walishinda kila kitu wakapata sifuri.

Mi nilichoshangaa ni hiyo "hakuna kura". Timu yetu ya mtaani tukiambiwa tuchague rangi ya jezi tunagombana wiki mbili

Mchambuzi Mkavu

Sitaki kuharibu uzi ila naomba tusimeze kila kitu. Nimewahi kuifuatilia hii na upande wa pili upo. Angalieni ratiba yao. Mechi 9, San Jose State wamecheza nao MARA MBILI, ya pili ikawa 42-7. Wamecheza na Camp Pendleton, hao ni wanamaji wa kambi ya jeshi, 26-0. Wamecheza na timu ya kituo cha mafunzo ya jeshi la majini San Diego. Sasa ndugu zangu ukicheza na makambi ya jeshi mara mbili msimu mmoja halafu unataka ualikwe Sugar Bowl ambako mwaka ule walicheza Maryland na Tennessee, kweli? Hata waandishi wa habari kwenye orodha ya mwisho ya timu bora ya shirika la habari la AP waliwaweka nafasi ya 14, hawakuwaweka juu. Hao waandishi wako nchi nzima, sio wa kusini tu. Inawezekana kabisa kamati zilisema hawa ni wepesi, na hii habari ya rangi ikakuzwa baadae maana ni tamu kusimulia.

Na kuhusu kufutwa, timu ilikuwa inakula hela za chuo toka zamani. Wajesuti walikuwa wanatoa tu. Kwa hiyo kusema "walikataa wakafutwa" ni kama kusema jogoo kawika ndo maana jua likatoka.

Kiti cha Nyuma

Hapo Mkavu kanichanganya. Msafiri jibu hoja usikimbie 😂

Msafiri wa Oakland

Sikimbii mkuu, nilikuwa kazini.

Mchambuzi hoja ya ratiba ni ya kweli na sitaificha. Chuo kidogo kisicho na ligi kinacheza na anayekubali kucheza nacho. Vyuo vikubwa ukiwashinda hao wadogo hupati sifa, wakikushinda umekwisha, kwa hiyo wanawakwepa. Ila nikuulize kitu kimoja. College of the Pacific, hao hao waliopigwa 47-14 kwao Stockton, unajua Januari walikuwa wapi? Walialikwa Sun Bowl, El Paso, wakafungwa na Texas Tech 25-14. Kama shida ni wepesi, mwenye kufungwa 47 anaalikwaje na aliyemfunga anabaki nyumbani anasikiliza redio?

Kuhusu kufutwa tunakubaliana zaidi ya unavyodhani. Hasara ilikuwepo kabla. Ila ndo hapo hapo penye uzito wa stori kwa maoni yangu, hela ya bowl moja ilikuwa ndo dawa pekee iliyokuwa mezani ya timu inayokufa, na wachezaji walikuwa wanajua hali ya chuo chao. Hawakukataa wakiwa na akiba benki. Kwa hiyo mi sisemi walifutwa kwa sababu walikataa, nasema walikataa wakiwa wanachungulia kaburi.

Bi Mkubwa wa Historia

Nimefundisha historia sekondari miaka mingi, naomba niongezee mazingira, maana mkiitazama timu peke yake mtaona kama ni jambo la ajabu lililotokea mara moja wakati lilikuwa ndo utaratibu.

Oktoba hiyo hiyo ya 1951 alikuwepo kijana mweusi anaitwa Johnny Bright wa chuo cha Drake, alienda kucheza Stillwater kule Oklahoma dhidi ya Oklahoma A&M. Mchezaji wa wapinzani akampiga ngumi ya taya mpira ukiwa umeshaondoka kabisa mikononi mwake, zaidi ya mara moja, mpaka taya likavunjika. Wapigapicha wawili wa gazeti la Des Moines Register walikuwepo na picha zao zikashinda tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Mpigaji hakuadhibiwa na mtu. Sasa jiulizeni, hiyo ni Oklahoma, bado hata hujafika Miami.

Na pia Dons hawakuwa wa kwanza kukataa, tuwape na wengine haki yao. Mwaka 1946 chuo cha Penn State walitakiwa kwenda kucheza Miami bila wachezaji wao weusi, wakafuta mechi. Mwaka 1948 Penn State hao hao walienda Cotton Bowl ya Dallas na wachezaji wao weusi, Wallace Triplett na Dennie Hoggard, wakatoka sare 13-13 na chuo cha SMU, lakini timu nzima ililala kwenye kambi ya jeshi la majini nje ya mji maana kupata hoteli ya kuwapokea wote pamoja ilikuwa shida. Mpaka Januari 1956, miaka 4 baada ya hawa Dons, mweusi mmoja wa chuo cha Pittsburgh, Bobby Grier, alipotakiwa kucheza Sugar Bowl na Georgia Tech, gavana wa Georgia alisimama kupinga hadharani. Gavana mzima! Kwa mchezaji mmoja! Kwa hiyo Bwana Mkavu anaposema habari ya rangi imekuzwa baadae, mimi nasema ungekuwa muujiza kama isingekuwepo.

Mchambuzi Mkavu

Shikamoo mama. Hiyo ya Pacific kwenda Sun Bowl sikuwa naijua na inanikata miguu, nakiri. Nabaki na hoja yangu ya hasara tu.

dogo wa benchi

Leo Mkavu kalowa jamani, screenshot muhimu

Kiti cha Nyuma

😂😂 Asanteni sana wakuu, na shikamoo mama. Swali la mwisho, hao wachezaji baada ya timu kufutwa walienda wapi? Waliishia mtaani?

Msafiri wa Oakland

Hapo sasa ndo utachoka.

Watatu kutoka kikosi hicho kimoja cha chuo kidogo kiasi hicho wako kwenye jumba la heshima la NFL (ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo), lile wanaloweka majina makubwa ya muda wote. Matson, Gino Marchetti na Bob St. Clair. Matson na Marchetti waliingizwa mwaka mmoja, 1972.

Matson 1952 hiyo hiyo alienda Olimpiki ya Helsinki akarudi na shaba ya mita 400 na fedha ya kupokezana vijiti 4x400, ndo akaingia NFL na Chicago Cardinals, ambako kocha aliyemkuta ni Kuharich yule yule. Mwaka 1959 Los Angeles Rams walimtaka mpaka wakatoa hesabu ya watu 9 kwa ajili yake peke yake. Na meneja wa Rams aliyefanya biashara hiyo anaitwa Pete Rozelle. Sasa kaa chini, Rozelle mwaka 1951 alikuwa nani? Alikuwa afisa habari wa Dons! Kijana wa kuandika taarifa kwa magazeti, kama wasemaji wetu wa Simba na Yanga ila bila vijembe. Ndiye aliyekuwa anawabembeleza waandishi wa New York waje kumuona Matson. Januari 1960 akawa kamishna wa NFL nzima na alikaa hapo mpaka 1989, hii NFL ya matrilioni mnayoiona ni mkono wake.

Marchetti alikuwa mtu mzima kuliko wenzake, alishapigana vita ya pili Ulaya akiwa na miaka 18, chuoni alifika na pikipiki na koti la ngozi, mtu wa namna hiyo ukimwambia amuache mwenzake nyumbani kwa sababu ya rangi ulitegemea akujibu nini. Alikuja kuwa mmoja wa walinzi wa kuogopwa kuliko wote akiwa Baltimore Colts.

St. Clair ndo kituko. Mrefu kama mlingoti, zaidi ya mita 2, na alikuwa anakula nyama mbichi. Sio utani, ilikuwa inajulikana. Timu ilipofutwa akahamia Tulsa kumalizia chuo, akarudi kucheza 49ers, timu ya NFL ya San Francisco, miaka mingi, na akaja kuwa meya wa Daly City hapa jirani. Uwanja wa Kezar ambao Dons walikuwa wanautumia, na 49ers pia, sehemu ya kuchezea leo ina jina lake. Nimewahi kukimbia pale asubuhi, ukungu mpaka huoni goli la pili.

Bi Mkubwa wa Historia

Umemsahau ninayempenda kuliko wote. Toler.

Burl Toler alichaguliwa na Cleveland Browns, timu ya NFL, lakini Agosti 1952 kwenye mechi ya nyota wa vyuo pale Chicago goti likaenda, na ndoto ya kucheza ikaishia hapo. Akarudi San Francisco akawa mwalimu, baadae mkuu wa shule ya sekondari, wa kwanza mweusi katika mji ule. Mwaka 1965 NFL ikamchukua kuwa refa, mweusi wa kwanza kuwa mwamuzi wa ligi hiyo, na alidumu miaka 25. Mwaka 1980 alikuwa mmoja wa waamuzi wa Super Bowl, fainali ya NFL. Mtu ambaye kamati ya mji fulani ilisema asikanyage uwanja wao, akaishia kuwa ndiye anayepuliza filimbi.

Halafu Jumatatu asubuhi anarudi kuhakikisha watoto wamechomekea mashati. Hiyo ndo sehemu ninayoipenda mimi kama mwalimu.

Kocha Mstaafu wa Tanga

Nimesoma uzi wote kimya, nikasita kuandika ila ngoja niandike.

Miaka ya themanini nilikuwa nahodha wa timu ya chuo kimoja, sitakitaja. Tulifika mashindano ya kanda, siku mbili kabla ya safari tukaambiwa wachezaji wawili hawaendi, beki wa kushoto na golikipa, kwa sababu ada zao hazijakamilika. Wote walikuwa watoto wa watu wasio na kitu. Mlezi wa michezo akaniita pembeni akasema nahodha ongea na wenzako wasilete maneno, gari linaondoka saa 11 alfajiri. Nikaongea nao. Na mimi naongea vizuri. Nikawaambia tukienda tukashinda tutawatetea tukirudi. Tukapanda gari. Golikipa alikuja kutuaga stendi, akatusaidia kupakia mipira.

Tulirudi na kikombe. Hakuna aliyetetea mtu.

Ndo maana mimi hiyo habari ya "hakuna kikao wala kura" naielewa tofauti na dogo wa benchi. Kikao ndicho kilichotuua sisi. Ukishakaa kikao, maneno ya busara yanapatikana tu, kila mtu ana lake, na gari linaondoka alfajiri.

dogo wa benchi

Mzee shikamoo. Golikipa mlikuja kuonana tena?

Kocha Mstaafu wa Tanga

Marahaba. Tunaonana. Ana duka la vifaa vya baiskeli barabara ya nyuma ya kwangu. Hatujawahi kuliongelea.

Kiti cha Nyuma

Wakuu asanteni, nimepata zaidi ya nilichouliza. Kumbe chuo chenyewe 2006 kiliwapa waliobaki hai shahada za heshima, nimeona sasa hivi, miaka 55 baadae. Msafiri siku ukipita tena Kezar piga picha utuwekee hapa, hata kama ni ya ukungu.

Msafiri wa Oakland

Jumamosi nina off. Nitapita.